Wapeni Binti Zenu Spana

Naandika kwa niaba ya mwanamke anayeishi peke yake. Huenda ni jirani yako wa ghorofa ya tatu kule Umoja au Kahawa West, Nairobi. Huenda ni binti yako aliyepata kazi mjini juzi, au dada yako aliyefiwa na mume akaamua kubaki katika nyumba yake. Huenda ni wewe mwenyewe. Mimi ni mmoja wao, na maisha haya nayapenda, kwa hivyo usiusome wito huu kama ombi la kuonewa huruma. Ninachoomba ni ujuzi ugawanywe.

Jumamosi yangu ina nusu mbili. Asubuhi ni ya nyumba, maana nyumba haikosi kitu kilicholegea, kinachovuja au kinachokwaruza sakafu. Alasiri, mfuko ukiruhusu, hupanda matatu ya Ruaka na kushuka Village Market, Gigiri, kucheza bolingi na marafiki. Watu wakisikia hayo hushangaa mara mbili. Shangazi yangu, ambaye hunipenda sana, huniuliza ni nani hunitengenezea mambo ya nyumbani. Nikimwambia ni mimi mwenyewe, hunitazama mikono, kisha husema, "Pole, mwanangu." Hapo ndipo nataka tuanzie. Mwanamke akirekebisha mlango wake mwenyewe hapaswi kuambiwa pole.

Fundi akibisha kwa mwanamke kama mimi, mara nyingi swali lake la kwanza ni, "Madam, mzee yuko?" Hana nia mbaya. Amezoea kujadiliana bei na mwanamume, na amezoea kwamba anayeelezwa kilichoharibika ni mwanamume. Basi kazi hufanywa, pesa hulipwa, fundi huenda zake, na mwenye nyumba hubaki hajui tatizo lilikuwa nini. Likirudi baada ya mwezi hana la kufanya ila kupiga simu ileile na kulipa pesa zilezile. Gharama hii ni ya kutojua, nayo huwaangukia zaidi watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita utotoni waje washike tochi baba anapofungua bomba. Kaka zao waliitwa.

Chukua mfereji unaodondoka usiku kucha. Wengi hudhani umekwisha, wakanunua mpya. Mara nyingi kilichochakaa ni washa tu, kile kiduara cha mpira kilicho ndani, kinachouzwa katika hadiwea ya mtaa kwa bei ndogo mno. Funga valvu inayoingiza maji nyumbani. Fungua mfereji wenyewe ili maji yaliyobaki kwenye bomba yaishe. Ziba shimo la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ndogo ikitumbukia humo hutaiona tena. Toa kishikio, kamata kichwa cha mfereji kwa spana, kizungushe kinyume cha mwendo wa saa mpaka kitoke. Washa ya zamani nenda nayo dukani mkononi, usiielezee kwa maneno, ili upewe ya kipimo kilekile. Rudisha kila kitu kwa kinyume cha mpangilio uliokitolea, kisha fungua valvu polepole. Anayefanya mara ya kwanza atachukua asubuhi nzima na hakuna ubaya. Katika mitaa ya Nairobi ambako maji huja kwa zamu, mfereji unaodondoka humwaga maji uliyokuwa umeyahifadhi kwa siku zisizo na maji.

Tangi la choo nalo huvuja bila kelele. Tia kahawa kidogo ndani yake, usivute maji kwa dakika 20. Rangi ikionekana bakulini, basi mpira ulioko chini ndani ya tangi haufungi vizuri na wakati wake wa kubadilishwa umefika. Kama badala yake maji yanamwagikia kwenye bomba la ziada, inua boya kwa mkono. Maji yakikoma kuingia, boya lilikuwa juu mno, lishushe. Yasipokoma, valvu ya boya ndiyo mbovu.

Mambo mawili nayasisitiza kwa kila anayeishi peke yake kwa sababu yanagusa uhai. La kwanza ni kufuli ya mlango. Unapohamia nyumba mpya hujui funguo za aliyekutangulia ziko mikononi mwa nani, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba mkubaliane kuibadilisha kabla ya kulala humo. Kwa milango mingi ni suala la skrubu chache na bisibisi. La pili ni gesi. Kila unapounganisha mtungi, uwe wa kilo 6 au wa kilo 13, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regyuleta na mpira wake kabla ya kuwasha jiko. Mapovu yakifura, gesi inatoka. Na ukiingia jikoni ukainusa, usiguse swichi yoyote. Fungua mlango na madirisha, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa chini, sakafuni, ambako pua zetu haziko.

Kuhusu stima nitasema kidogo na nitasema kwa uzito. Kubadilisha fyuzi ya plagi au kuunganisha plagi mpya ni kazi ya mtu yeyote aliyeelekezwa: waya wa kahawia huenda kwenye pini yenye fyuzi, wa bluu upande wa pili, na wa kijani na manjano kwenye ile pini ndefu. Nyaya zilizo ndani ya ukuta, soketi iliyoungua, shawa ya umeme inayokurusha, hayo mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Volti 240 hazina mwanafunzi. Kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya ufundi, na ndiyo sababu nyingine watu wafundishwe: asiyejua chochote hawezi kutofautisha kazi ndogo na hatari.

Sasa bolingi. Nimeulizwa inahusiana vipi na mifereji, na kwangu vinahusiana sana. Njia ya kuchezea ina urefu wa futi 60, karibu mita 18.3, kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza. Pini ni 10, zimepangwa pembetatu. Mpira mzito kabisa unaoruhusiwa una pauni 16, zaidi kidogo ya kilo 7, lakini ukumbini utapata wa pauni 8 au 10, na hakuna anayekupima kwa uzito uliochagua. Anayeanza hutumbua macho pini zilizo mbali. Aliyezoea hutazama mishale iliyochorwa njiani, kama futi 15 tu mbele yake, akaupitisha mpira juu ya mshale anaoutaka. Akiwa wa mkono wa kulia, anatafuta upenyo kati ya pini ya kwanza na ya tatu. Mwili hujifunza hayo kwa kurudiarudia, na mtu aliyekwisha kuuamini mkono wake pale ukumbini hauogopi tena ukiwa umeshika drili. Nimewaona marafiki zangu wakibadilika hivyo.

Kuna mwanamke mmoja wa mchezo huu ninayemkumbuka kila ninapoombwa kumwelekeza mtu. Floretta McCutcheon alikuwa mama wa nyumbani huko Pueblo, Colorado, Marekani. Mpira wa bolingi aliushika akiwa tayari mtu mzima wa miaka 30 na kitu. Desemba 1927, mjini Denver, alicheza na Jimmy Smith, bingwa aliyekuwa akitembea nchi nzima akionyesha ustadi wake, akamshinda kwa alama 704 dhidi ya 697. Angeweza kuishia hapo na jina lake likabaki. Yeye alizunguka mji baada ya mji akifundisha wanawake wengine kucheza. Wanawake hao walikuwa na chama chao cha bolingi tangu 1916, kilichoanzishwa St. Louis, kwa sababu chama cha wanaume hakikuwapokea. Na Januari 2010, Kelly Kulick aliwashinda wanaume mjini Las Vegas akawa mwanamke wa kwanza kutwaa taji la ziara ya PBA, ya wachezaji wa kulipwa, katika Mashindano ya Mabingwa, kwa alama 265 dhidi ya 195. Kati ya 1927 na 2010 kuna mlolongo mrefu wa wanawake walioonyeshana namna ya kushika mpira. Mlolongo wa namna hiyo ndio ninaotaka tuuanzishe kwenye ploti zetu, kwa spana.

Kwa hiyo nawasihi.

Ninyi mafundi, kaka zangu mnaotujia nyumbani na begi la vifaa begani: mkimkuta mwanamke, mwelezeni yeye. Mwonyesheni kilichokatika, mwambieni bei ya kifaa na bei ya kazi kila moja peke yake. Akiomba kusimama kando atazame, mpisheni. Hamtapoteza riziki, maana mteja anayeelewa kazi ndiye anayejua thamani yake, na ndiye atakayewaita kwa kazi kubwa bila kubishana. Na mnapochukua kijana wa kumfunza, chukueni na msichana. Mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Gredi ya 3 hadi ya 1, hauna sehemu inayomtaka mtu awe mwanamume.

Ninyi wazazi, mnaponunua sufuria za kumwanzishia binti maisha mjini, nunueni pia bisibisi mbili, spana ya kurekebishika, koleo, nyundo, tepu ya kupimia, testa na ile tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za bomba. Halafu kaeni naye alasiri moja mkivitumia. Msingoje mpaka aolewe ndipo nyumba yake ihesabiwe kuwa nyumba. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na binti yenu ni kila mtu, akiwa na mume au bila.

Wenye nyumba na makeateka, ombi langu kwenu ni dogo. Mpangaji mpya akiingia, kabla hamjahesabiana amana, mwonyesheni valvu ya maji ilipo na swichi kubwa ya stima. Bomba likipasuka usiku wa manane na keateka ameenda msibani, dakika hizo chache za kujua pa kufunga ndizo zinazookoa godoro, dari ya jirani wa chini na uhusiano wa watu wanaoishi pamoja.

Vyuo vya ufundi vyetu vimejaa walimu wazuri. Pale Gigiri kwenyewe, karibu na ukumbi ninaochezea, kuna chuo kinachofunza walimu wa ufundi. Chuo cha Kabete kimefundisha kazi za mikono tangu 1924. Fungueni karakana Jumamosi moja moja kwa watu wa mtaa ambao hawatafuti cheti, wanataka tu kujua kubadilisha washa na kutundika rafu isiyoanguka. Nina hakika foleni itafika barabarani.

Na wewe dada unayeishi peke yako, unayesoma haya ukiwa na mlango unaokwama tangu mvua za mwaka jana: tafuta wenzako watatu au wanne wa ploti yenu. Changeni mnunue sanduku moja la vifaa, likae kwa mmoja wenu, na kila anayeazima aandike jina. Jumamosi moja mtengeneze kwa huyu, nyingine kwa yule. Anayejua jambo alifanye polepole huku wengine wakitazama, kisha alifungue tena ili mwingine alifunge. Mkimaliza, nendeni mkacheze. Kama bolingi ni ghali, chezeni drafti kibarazani au netiboli uwanjani, lakini chezeni. Mwalikeni na yule jirani ambaye hamjawahi kumsikia akicheka. Atakataa mara ya kwanza, pengine na ya pili. Mwalikeni tena, mkimwambia waziwazi kwamba mnahitaji mtu wa kushika ngazi.