Kisangani: Ampuli ya chumbani isingoje ruhusa ya seva ya ng'ambo

Kamera za kulinda uzio, ampuli zinazowashwa kwa simu, prizi zinazozima pompi ya maji mwenye nyumba akiwa kazini: vifaa hivi vimeanza kuonekana katika nyumba na maduka ya Kisangani. Pamoja navyo limekuja lalamiko moja, lile la simu kuandika kwamba kifaa hakiko mtandaoni.

Mara nyingi lawama humwangukia fundi, au mfanyabiashara aliyeuza bidhaa « ya Chine ». Wakati mwingine wanastahili. Lakini chanzo kikubwa kiko pengine. Vifaa vingi vya namna hii vilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ambamo umeme haukatiki na intaneti haiishi. Kisangani si mji wa namna hiyo, na kila anayeuza, anayefunga au anayenunua anapaswa kuanzia hapo.

Umeme ndio wa kwanza kuangaliwa. Mji unategemea sana kituo cha SNEL kwenye mto Tshopo, chenye mitambo mitatu na kilichojengwa tangu wakati wa ukoloni. Uwezo wake wote haufiki megawati 20. Kila mkaaji wa Makiso, Mangobo au Kabondo anajua delestaji ni nini. Umeme unaporudi, kamera huamka baada ya sekunde chache, kumbe modemu inahitaji dakika mbili au tatu. Kamera inatafuta Wi-Fi, inaikosa, na nyingine huchoka kutafuta. Hakuna kilichoharibika. Inatosha kuacha modemu iwake kabisa, kisha kuzima kamera na kuiwasha upya. Lakini mwenye duka aliye safarini Kinshasa hawezi kufanya hivyo, na usiku huo duka lake halina mlinzi. Dawa ni betri ndogo ya kuishikilia modemu pamoja na kamera umeme ukikatika. Modemu nyingi zinatumia volti 9 au 12 tu, na kulisha kitu kidogo hivyo hakuhitaji jenereta.

Jambo la pili ni mega. Simu ina mega zake, na modemu ina kadi yake. Mtu akiona ujumbe unapita vizuri kwenye simu, anadhani intaneti ya nyumbani ni nzima, kumbe mega za modemu zimeisha tangu asubuhi. Kulijua hilo ni rahisi: azime data ya simu, abaki kwenye Wi-Fi ya nyumba, kisha ajaribu kufungua ukurasa wowote.

Tatu, Wi-Fi yenyewe. Ampuli na kamera nyingi za bei nafuu zinasikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, wakati modemu mpya hutoa pia 5. Kifaa kikifungwa nyuma ya kuta mbili za matofali na mlango wa chuma, kinapata mawimbi hafifu. Kabla ya kusema kimekufa, kisogezwe karibu na modemu. Kikishika, kosa ni la mahali kilipowekwa.

Kuna pia kosa dogo linalosahauliwa: saa. Kisangani inafuata saa ya Lubumbashi, na Kinshasa iko nyuma kwa saa nzima. Fundi akiacha kifaa kwenye saa ya Kinshasa, ampuli iliyopangwa kuwaka saa kumi na mbili jioni itawaka saa moja, giza likiwa limeshaingia. Picha ya mwizi ikipelekwa polisi, nayo itataja saa isiyo yake.

Yote hayo fundi mwangalifu anayaweza. Lililo gumu zaidi ni hili: katika vifaa vingi, amri ya kuwasha ampuli haiendi moja kwa moja kutoka kwenye simu hadi kwenye ampuli. Inatoka Kisangani, inafika kwenye seva ya nchi nyingine, kisha inarudi katika chumba kile kile. Njia ikikatika popote, mwenye nyumba anasimama chini ya ampuli yake bila kuweza kuiamuru. Waswahili walisema zamani kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hata matajiri wamelionja. Tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu katika vituo vya Amazon huko Virginia, Marekani, iliwaacha watu wengi bila kamera zao za Ring na bila msaidizi wa sauti Alexa, ingawa umeme wao ulikuwa unawaka.

Wapo wanaosema jibu ni Starlink, iliyopewa leseni na ARPTC mwaka 2025. Setilaiti inaweza kusaidia mahali ambapo mtandao wa simu ni dhaifu. Lakini antena yake nayo inakula umeme, tena mwingi kuliko modemu ndogo, na malipo ya kila mwezi ni mzigo kwa jamaa nyingi. Zaidi ya hayo, intaneti ya kasi haibadilishi safari ya amri kwenda ng'ambo na kurudi.

Njia nyingine zipo. Kuna kamera zinazohifadhi picha kwenye kadi iliyo ndani yake au kwenye mashine iliyo nyumbani. Kuna vifaa vya Zigbee vinavyoongea na kituo kidogo cha hapo hapo, na programu ya bure kama Home Assistant inayoweza kuviongoza bila intaneti. Na swichi ya kawaida ya ukutani isiondolewe kamwe.

Kwa hiyo mnunuzi aulize maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Mega zikiisha, kifaa kitafanya kazi gani? Umeme ukirudi saa nane za usiku, kitajiunga chenyewe? Picha zinahifadhiwa wapi, na nani anazifungua? Muuzaji azime modemu mbele ya mteja na kuonyesha kinachobaki kinafanya kazi. Akikataa jaribio hilo la dakika tano, mteja abaki na pesa zake.