Rangi ya jeli kwenye kucha: iondolewe vipi kabla ya udhu na josho?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na swahaba zake.

Juma hili safu yetu inazungumzia kucha. Ni jambo dogo kwa umbo, lakini akina mama wanaoosha maiti wa kike huku Maparoni wamelileta mbele ya kamati ya msikiti, na wana haki ya kujibiwa. Siku hizi bi harusi hupelekwa Kibiti mjini, au hata Mbagala, akapambwa na kupakwa rangi ya jeli, kisha akapanda boti kurudi visiwani. Mapambo anayo mkononi, lakini fundi wa kuyaondoa amebaki ng'ambo ya maji. Inapofika siku ya josho, wembe na meno ndivyo vinavyofanya kazi ya fundi.

Tuanze na hukumu. Aya ya 6 ya Suratul Maida imeamrisha kuosha mikono hadi kwenye viwiko, na kucha ni sehemu ya mkono. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Umar bin Khattab (RA) kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha kwenye unyayo wake sehemu kavu yenye ukubwa wa ukucha, Mtume (SAW) akamwamuru arudi autengeneze vizuri udhu wake. Hina haina tatizo, kwa kuwa inayobaki ni rangi tu na maji hupita. Jeli ni tabaka lenye mwili, na maji hayafiki chini yake.

Wapo wanaosema kuwa aliyeipaka akiwa na udhu anaweza kupangusa juu yake, kama inavyofanywa kwa khofu za miguuni. Kiasi hicho hakisimami. Kupangusa khofu kumekuja kwa dalili mahsusi na kwa muda maalumu, na hata khofu zenyewe huvuliwa mtu anapopata janaba.

Sasa kwa nini jeli ni ngumu kuliko rangi ya kawaida? Rangi ya kawaida hukauka kwa kimiminika chake kuruka hewani, ndiyo maana dawa ya kufutia huiyeyusha tena mara moja. Jeli haikaushwi hivyo. Inapowekwa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, chembe zake hushikana na kufanya wavu mmoja mgumu. Asetoni haiuyeyushi wavu huo kama chumvi ndani ya maji. Hupenya taratibu, ikauvimbisha na kuulegeza mpaka ukaachia ukucha. Kwa hiyo dawa ya jeli ni muda, wala si nguvu. Anayekwangua kabla ya muda huondoa jeli pamoja na tabaka za juu za ukucha wenyewe, na ukucha wa mkono huchukua takriban miezi 6 kuota upya wote.

Mafundi wazuri wa saluni hufuata utaratibu huu, na dada aliye nyumbani anaweza kuufuata pia:

Kwanza, fungua madirisha na uzime kila moto. Asetoni huwaka kwa urahisi mno, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayozunguka ukucha, si juu ya ukucha.

Pili, sugua juu ya jeli kwa tupa ya kucha mpaka mng'ao wote upotee. Hatua hii ndiyo inayookoa muda, kwa sababu tabaka la juu ndilo linaloizuia asetoni kupenya. Simama kabla hujaufikia ukucha.

Tatu, chukua kipande cha pamba chenye ukubwa wa ukucha, kilowanishe kwa asetoni halisi, kiweke juu ya ukucha na ufunge kidole kwa karatasi ya foili. Dawa za kufutia zisizo na asetoni hazifai kwa kazi hii. Kuchovya vidole ndani ya bakuli hukausha ngozi bure na kujaza mvuke chumbani.

Nne, subiri dakika 10 hadi 15. Joto huharakisha kazi, basi funika mikono kwa taulo lenye vuguvugu. Asetoni yenyewe isipashwe moto kamwe.

Tano, fungua kidole kimoja kimoja. Ukivifungua vyote pamoja, asetoni huruka na jeli hukaza tena. Sukuma kwa kijiti cha mti bila kukandamiza. Panapokataa, funga tena kwa dakika 5.

Sita, nawa kwa sabuni, kausha, kisha inamisha kidole kwenye mwanga. Hapa wengi hughafilika: tabaka la chini la jeli halina rangi, na ukucha ukiwa umelowa huwezi kuliona. Ukiwa mkavu, mabaki hung'aa kama kioo, na ncha ya kidole hugusa kingo yake. Hayo nayo yanazuia maji. Ukishamaliza ibada yako, paka mafuta ya nazi, kwani asetoni hukausha ukucha na ngozi.

Iko jeli ngumu ya kujengea kucha ambayo asetoni haiilegezi. Hiyo husagwa tu, na mashine ya kusagia katika mkono usio na uzoefu hutoboa ukucha. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni kabla ya kupakwa: je, hii hulowekwa au husagwa? Nanyi mafundi, msiache jeli mbichi iguse ngozi ya mteja wala yenu, kwani huweza kuleta mzio wa kudumu. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kemikali iitwayo TPO, iliyotumika katika jeli nyingi, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025. Someni maandishi ya chupa zenu.

Ama kwa maiti, utaratibu ni huo huo, kwa upole zaidi. Mtume (SAW) alipowaelekeza Ummu Atiyya (RA) na wenzake kumwosha binti yake, aliwaamuru waanze upande wa kulia na viungo vya udhu. Kucha ziko humo. Lakini maiti ana heshima ile ile ya aliye hai: asikwanguliwe kwa wembe wala asing'olewe ukucha. Ikiwa jeli haitoki bila kumdhuru, waoshaji wasimame na kumuuliza mwenye elimu.

Huku kwetu safari hungoja maji yajae, na maziko hayawezi kungoja asetoni itoke Kibiti. Kwa hiyo tunapendekeza kila kamati ya msikiti iongeze katika sanduku la akina mama, pamoja na kafuri na majani ya mkunazi, chupa moja ya asetoni iliyofungwa vyema, pamba, foili, tupa na vijiti. Chupa hiyo ikisafirishwa kwa boti, iwekwe mbali na injini na mtu anayevuta sigara.

Dada zetu, pambo kwa mume halikukatazwa. Anayetaka jeli katika siku zake za hedhi ajue kwanza ataiondoa wapi na kwa nini kabla ya josho. Asiyekuwa na uhakika huo, hina ya mama zetu bado ipo, na haidai fundi wa kuibandua.

Wabillahi tawfiq.