Njia za viboko na mazalia ya samaki zichorwe ramani

Mhariri,

Nina malalamiko kuhusu ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza ujenzi ndani ya mita 150 kutoka ziwani, lakini matete yanafyekwa na nyumba zinaota. Juzi, pale ufukweni Kajaga, nimekuta ukuta mpya umeziba njia ya viboko. Nyayo zao mbichi zilifika ukutani, zikageukia barabara wanayopita watoto wa shule. Humo humo kwenye majani ya ufukweni ndimo vifaranga vya samaki aina ya sangala hujificha.

Naiomba Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira (OBPE) na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao hapa Bujumbura, wachore ramani ya njia za viboko na mazalia ya samaki, waibandike kila mwalo. Wavuvi wenzangu, nanyi mnasemaje?

Msomaji wenu,
Buyenzi, Bujumbura