Niko A2 ya Kijerumani na siwezi kuongea na Guku

Wasee, kabla mnirukie, mi si adui wa Kijerumani. Nimekilipia. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, pesa ya kwanza ya maana niliyotoa kwa video zangu ilienda kwa darasa la Kijerumani, ghorofa ya nne, Moi Avenue, lifti imekufa. Darasa lilijaa, wengi manesi. Tangu Kenya na Ujerumani watie sahihi mkataba wa ajira kule Berlin, Septemba 2024, kila ngazi ya town ina bango la A1 hadi B1. Siwalaumu. Mtu akionyeshwa mboka atakariri der, die, das hadi usingizini.

Sasa skia. Siku moja narudi Kawangware na 46, nimeshika kadi zangu za msamiati, simu inalia. Ni mathe, yuko ushago Vihiga, ananipa Guku, nyanya yangu. Alikuwa mgonjwa. Guku anaongea Lulogooli. Kiswahili chake ni "habari" na "Mungu akubariki", kikaishia hapo. Akasema kitu kirefu. Nikajibu, "Mirembe." Akasema kingine. Nikajibu, "Ee, Guku." Mathe akanyakua simu: "Amekuuliza utakuja lini, we unamwambia ee?"

Naicheka sasa lakini ile siku koo ilikauka. Kwa mkono nina maneno mia sita ya Kijerumani. Naweza kuuliza mzee wa Munich kama amelala vizuri na kama amemeza dawa. Guku wangu mwenyewe siwezi.

Na usiniambie hizi lugha zetu ni ngumu. Mathe aliishia darasa la nane na anaongea Kikuyu kuliko Wakikuyu wengine wa Lavington. Alikitoa Marikiti, saa kumi za alfajiri, akinunua mboga za kuuza. Alianza na namba, juu bei ya Kiswahili na bei ya Kikuyu zilikuwa bei mbili tofauti. "Nĩ mbeca cigana?" Kutoka hapo akajua kubargain, akajua kutukana, mwisho akajua kuchekesha, na hapo ndipo walianza kumwekea sukuma nzuri kando. Kikamba kidogo alikipata kwa wauza maembe kutoka Makueni. Hana cheti hata kimoja. Mi nina risiti.

Shida ni venye tumepanga thamani. Kwa KCSE unaweza kufanya Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu. Dholuo hakuna, Kikamba hakuna. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius ya Kichina tangu 2005, na ni poa, wakuwe nayo. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali itakuza lugha za kiasili, na mtaala umeziweka Grade 1 hadi 3. Mtoto akifika Grade 4, si lazima tena. Halafu kuna diski. Shule yangu ya msingi, ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani ulivaa diski shingoni hadi umchome mwenzako. Tulifunzwa kuchomeana tukiwa na miaka nane, leo mtu anashangaa kwa nini tunaona haya kusalimia watu kwa lugha zao.

Najua komenti inayokuja: hii ni ukabila. Naielewa kuliko unavyodhani. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware iliwaka. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Lugha ilikuwa njia ya kujua wewe ni wa nani. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mkikuyu, alijifungia na watoto wake, hawana maji, kila mtu akibisha ananyamaza. Mathe, Mmaragoli, alikaa kando ya mabati akamwongelesha kwa Kikuyu, polepole, kama wako sokoni. Ilichukua muda. Mwishowe akafungua na mtungi ukaingia. Sisemi lugha ilizima moto, juu haikuzima. Nasema tu "fungua" ya Kiswahili alikuwa ameisikia siku mzima na hakufungua.

Kwa hivyo hiyo story ya kunyamazisha lugha ili tupendane mi siinunui. Lugha inatisha ikiwa ni ya wenyewe tu. Wawili wakianza Kijaluo kwa ofisi na wa tatu haskii, lazima adhani anasengenywa. Angekuwa anaskia angejua wanaongea tu kuhusu omena. Kama unaweza kuamka saa kumi na moja juu ya Kijerumani, unaweza kuuliza jirani wa ploti maneno matano kwa wiki. Na atakucheka, manze, jiandae.

Kijerumani sijaacha, B1 nitarudia. Lakini jioni mathe ananifunza Lulogooli tukichambua mboga, na ada yake ni hii: sentensi moja mbovu, fungu moja la mrenda. Nimechambua mrenda ya mtaa mzima.

Jumapili nilipiga simu ushago mwenyewe. Nikamwambia Guku nakuja Desemba. Alinirekebisha mara mbili, akacheka, halafu akauliza kama nitaleta mchumba. Hiyo niliielewa neno kwa neno. Nikajifanya netiweki imepotea.