Ukijipakulia, tazama mvuke kwanza

Mchana mmoja hapa Kinondo niliingia mkahawa wa bei nafuu ambapo mteja hujipakulia. Wali wa nazi ulikuwa umepoa, sufuria iko wazi, na upawa ni ule ule kwa kila mkono. Nikarudisha sahani. Mzee mmoja akacheka: "Daktari, kiporo ndicho kitamu!"

Utamu sikatai. Lakini mchele huwa na mbegu za bakteria zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana, na huweza kutoa sumu ya kutapisha. Kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Achari yetu, au kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa ya Wakorea, hustahimili kukaa kwa sababu ya chumvi na uchachu. Wali hauna kinga hiyo.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kiwekwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60, wala kisiachwe kipoe mezani zaidi ya saa mbili. Huna kipimajoto, lakini macho unayo: tazama mvuke. Ukishashika upawa, nawa ndipo ule.

Sisemi tuihame mikahawa hii; wengi wetu mfuko unatupeleka huko. Wenye mikahawa wapike kidogo kidogo, mara kwa mara. Nawe mteja usione haya kuuliza wali umeivishwa saa ngapi. Ukijibiwa "asubuhi", na mvuke huuoni, omba chapati ya moto.