Binti Ameitwa Kufundisha Juba: Aende Asiende?

Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja, mke wa sajini, aishiye na jamaa yake katika nyumba za askari. Binti yao wa kwanza ana stashahada ya ualimu na amekaa muda mrefu bila ajira. Sasa shule moja ya binafsi mjini Juba, ifundishayo Kiingereza kwa watu wazima nyakati za jioni, imemwita kazini. Mama ameridhia, lakini baba amekataa katakata. Binti naye asema kwamba akinyimwa Juba atatafuta njia ya kwenda Korea ya Kusini, ambako amesikia kuwa vyuo vya binafsi vya lugha huwalipa vizuri walimu wa Kiingereza. Mama atuuliza: tumwache aende?

Tuanze na Korea, maana jibu lake ni fupi. Kwa kawaida, nchi hiyo huwapa viza ya kufundisha Kiingereza katika vyuo hivyo raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Nchi zetu za Afrika Mashariki hazimo. Wakala atakayemwahidi binti yako kazi hiyo kwa malipo ya kutangulia, huyo anataka fedha yake tu.

Juba ni jambo jingine, kwani kazi ya kweli ipo. Sudan ya Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai, 2011, katiba yake ya mpito ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia shuleni. Lakini watu wengi waliosoma chini ya utawala wa Khartoum walisomeshwa kwa Kiarabu, na sokoni lugha iliyoenea ni Kiarabu cha Juba. Kwa hiyo karani au polisi aweza kutakiwa kuandika taarifa kwa lugha ambayo hakufunzwa utotoni. Kumsaidia mtu wa namna hiyo ni kazi yenye heshima. Wala binti hatakuwa mgeni kabisa: wengi waliokulia ukimbizini Kenya na Uganda wanasema Kiswahili, na nchi yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Hata hivyo, baba hana kosa kuogopa. Vita vilianza Juba Desemba 2013, na mapigano yakarudi mjini humo Julai 2016, hata Uganda ikapeleka msafara wa jeshi kuwatoa raia wake kwa barabara. Barabara ya Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, ina urefu wa kilometa 192 na ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012. Lakini Agosti 2021 watawa wawili wa Kikatoliki waliuawa njiani humo basi lao liliposhambuliwa. Machi 2025 Makamu wa Kwanza wa Rais, Riek Machar, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na hofu ya vita ikaamka tena.

Lakini tumkumbushe sajini jambo analolijua kuliko sisi. Yeye mwenyewe ameiaga nyumba yake mara nyingi kwenda mahali pa hatari. Hakwenda ovyo: alijua kamanda wake ni nani, posho yake itatoka wapi, atalala wapi, na atarudi kwa njia gani. Binti naye apewe hayo hayo, kwa maandishi, kabla ya kufunga sanduku.

Kwanza, mshahara. Mkataba utaje dola, au useme paundi zitahesabiwa kwa bei ya siku ya malipo. Desemba 2015 paundi ya huko ilipoachiwa, dola iliyokuwa chini ya paundi 3 kwa bei ya serikali ilipanda ghafla ikapita paundi 18. Mwenye mshahara wa paundi zisizobadilika alilala na fedha akaamka na makaratasi.

Pili, kibali cha kazi. Nani atakilipia, na kwa jina la nani? Machi 2017 ada ya kibali cha wataalamu wageni ilitangazwa kuwa dola 10,000, kisha tangazo likasimamishwa mwezi uliofuata. Pasipo maandishi, mzigo wa namna hiyo waweza kumwangukia mwalimu.

Tatu, siku za kufungwa. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Shule ikifungwa kwa joto au kwa ghasia, je, mshahara utaendelea?

Nne, makazi na usiku. Masomo ni ya jioni. Basi nani atamrudisha nyumbani giza likiingia? Hili lisiachwe kwa bahati ya bodaboda.

Tano, njia ya kurudi. Tiketi ya ndege ya kurudi iwe mkononi, pasipoti aishike mwenyewe, na jina lake liandikishwe katika ubalozi tangu juma la kwanza.

Mama, shauri letu ni hili. Shule ikiyatia sahihi yote matano, na hali ya mji ikiwa tulivu siku ya safari, mwacheni aende kwa mwaka mmoja, kisha mpime tena. Ikikataa hata moja, asiende, hata kama mshahara unapendeza. Wala baba asikae pembeni na hasira yake. Aketi na binti mezani, wausome mkataba pamoja, mstari kwa mstari. Ameulinda usalama wa wengine miaka mingi. Huu wa mwanawe uanze na kalamu.