Kiota Kisichooshwa ni Nyumba ya Utitiri

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, walisema wahenga. Lakini ndugu wasomaji, hakuna kuku aoshaye kiota chake. Kazi hiyo ni yetu, na nionavyo mimi tumeiacha.

Pita nyuma ya nyumba nyingi hapa kwetu pwani, utakuta sanduku la mbao la kutagia kuku. Mwenyewe amemlipa fundi, kanunua mbao na misumari, kwa hivyo halitupi ng'o. Mwanzo kuku hutaga vyema. Kisha siku moja koo huyaacha mayai yake, akahamia uvunguni mwa kitanda, na watoto wakaanza kujikuna. Watu husema ni husuda. Husuda ipo, sikatai, lakini hapa mwenye kosa ni utitiri.

Mdudu huyu mchana hujificha katika nyufa za mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Penye joto kama letu, kizazi kipya huweza kukamilika kwa muda wa juma moja tu, na mdudu huweza kukaa miezi bila kula. Koo anayelalia mayai siku 21 hushambuliwa kila usiku. Hukonda, huyasusa mayai, na mama aliyengoja vifaranga apate karo ya mwanawe huambulia mayai viza.

Wazee wetu tunaowacheka walikuwa na hekima yao. Nilipokuwa mdogo, kuku alitagia pakachani. Vifaranga wakishatoka, pakacha likatiwa moto, na wadudu wakateketea nalo. Tulipochukua sanduku, tulipata kitu cha kudumu, na uchafu nao ukadumu.

Rai yangu ni mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa maji au mafuta ya kupikia, uliokwisha kuvuja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, lakini mitungi mibovu ingali imezagaa mitaani. Ulaze mtungi ubavu, ukate kitako chake, ila ubakishe ukingo wa vidole vine chini ili mayai yasibingirike nje. Sugua makali yaliyokatwa. Toboa matundu madogo chini ya kutoa maji, na mengine juu ya kupitisha hewa. Tandika nyasi kavu. Ufunge kwa kamba, usipigilie misumari, ili uweze kuutoa. Kuku wetu wa kienyeji hutosha humo. Aliye mkubwa mtafutie ndoo pana. Kiota kimoja chatosha kuku wanne au watano, kwani hawatagi wote saa moja. Lakini mtungi uliotiwa petroli au dawa ya kuulia wadudu, usiuguse kabisa.

Kila baada ya majuma mawili matatu, na kila vifaranga wanapotoka, choma nyasi zile, osha mtungi kwa sabuni, uanike juani. Ni kazi ya robo saa.

Wapo watakaosema plastiki ina joto. Naam, ikiachwa juani. Basi iweke kivulini. Wengine watasema mitungi mibovu inatia nyumba aibu. Hao nawauliza: je, yai lililopakaa kinyesi halitii aibu? Sisi wa madhehebu ya Shafi twajua kuwa kinyesi cha kuku ni najisi. Twatawadha mara tano kwa siku, kisha yai lile twalitia sufuriani na uchafu wake! Kiota kikiwa safi, yai huingia jikoni safi.

Na lile sanduku lililokwisha kuingiwa na utitiri, lichomwe, hata kama lililipiwa. Mwenye kuchelea hasara ya mbao atapata hasara ya kuku.